Ukuta wa Utumbo: Kwa Nini Kinga Huchelewa Kurejea Hata Virusi Vikiwa Vimefubazwa

Katika kliniki za tiba na matunzo (CTC) za mkoa wa Singida, kama kwingineko nchini, majibu ya vipimo viwili vya mtu mmoja huweza kuonekana kama yanapingana. Kipimo cha wingi wa virusi kinaonesha kwamba Virusi vya UKIMWI (VVU) havionekani tena katika damu, yaani dawa zimefanya kazi yake. Kipimo cha seli za CD4, ambazo ndizo viongozi wa kinga ya mwili, kinaonesha kwamba idadi yake bado iko chini ya 200 katika kila maikrolita ya damu, ilhali kwa mtu mzima mwenye afya huanzia takriban 500.

Mgonjwa anayekabidhiwa majibu hayo kwa pamoja huingiwa na shaka. Mwenzi wake hujiuliza kama kweli hatari ya kuambukizwa imekwisha. Mtoa huduma asiye na maelezo huweza kumshuku kuwa anaruka dozi. Muuzaji wa chupa ya “kusafisha tumbo na kupandisha CD4” naye huwa na jibu tayari, na bei yake huenda ikawa kuku wawili au mbuzi mzima wa familia.

Hali hiyo si nadra. Tafiti mbalimbali zinakadiria kwamba kati ya watu 100 waliofanikiwa kufubaza virusi, 15 hadi 30 hawarejeshi CD4 kwa kiwango kinachotarajiwa. Sababu ni kadhaa: umri mkubwa, kuanza dawa kwa kuchelewa, kifua kikuu, utapiamlo. Makala haya yanaeleza sababu moja ambayo haizungumzwi sana kliniki, nayo ni majeraha ya ukuta wa utumbo. Yanaeleza pia ni nini kimejaribiwa kuuponya, hasa hapa Tanzania na nchi jirani, na ni nini mgonjwa na mtoa huduma wanaweza kufanya leo.

Ukuta huo ni nini

Utumbo una kazi mbili zinazovutana. Unapaswa kupitisha maji na virutubisho vya chakula kwenda kwenye damu. Na wakati huohuo unapaswa kuwazuia matrilioni ya bakteria wanaoishi ndani yake wasivuke kuingia mwilini. Wengi wa bakteria hao ni wapangaji wema: husaga mabaki ya chakula, hutengeneza baadhi ya vitamini na huwanyima nafasi vijidudu vya maradhi. Wema wao hudumu maadamu wako upande wao wa ukuta.

Eneo la ndani la mfumo wa chakula, mikunjo yake yote ikinyooshwa, lina takriban mita za mraba 30, sawa na sakafu ya chumba kikubwa. Eneo hilo lote limelindwa kwa tabaka tatu. La kwanza ni ute mzito unaowaweka bakteria mbali. La pili ni safu moja tu ya seli, zilizoshikamana ubavu kwa ubavu kwa vifungo vya protini. Seli hizo huishi siku 3 hadi 5, kisha hubanduka na nafasi zake kuchukuliwa na nyingine. La tatu, chini ya safu hiyo, ni seli za kinga. Utumbo ndio makao makubwa kuliko yote ya seli za kinga mwilini. Damu inayochotwa mkononi kwa ajili ya kipimo cha CD4 hubeba sehemu ndogo tu ya seli hizo.

Miongoni mwa CD4 za utumbo lipo kundi liitwalo Th17. Kazi yake ni kutoa ishara za kikemikali zinazoziamuru seli za ukuta kuzaliana, kukaza vifungo na kutoa protini zinazoua bakteria. Kundi hilo linaweza kulinganishwa na fundi anayezunguka nyumba kila siku akiziba nyufa kabla ya mvua. Fundi akiondoka, nyumba haianguki siku hiyo, huanza kuvuja.

Utumbo ulikuwa shahidi wa kwanza

Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla jina la kitabibu halijaenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo “Juliana”, na ng’ambo ya mpaka, wilayani Rakai nchini Uganda, uliitwa “slim” kwa sababu ya kukondesha. Mwaka 1985 daktari David Serwadda na wenzake walichapisha maelezo yake katika jarida la Lancet: wagonjwa walikonda mno na kuharisha kwa muda mrefu. Mwaka mmoja kabla, mjini New York, daktari Donald Kotler na wenzake walikuwa wamechukua vipande vidogo vya utumbo wa wagonjwa wa UKIMWI na kukuta vimeharibika hata pale ambapo hakuna kijidudu kilichoonekana.

Kwa miaka mingi mambo hayo yalichukuliwa kuwa matokeo ya mwisho wa ugonjwa. Mwaka 1998 utafiti wa nyani walioambukizwa virusi vya jamii ya VVU ulibadili fikra hiyo. Ndani ya wiki chache za maambukizi, CD4 za utumbo zilikuwa zimeteketea kwa wingi, ilhali zile za damuni bado zilikuwa nyingi. Mwaka 2004 tafiti za binadamu zilithibitisha jambo hilohilo. VVU hupenda kuingia katika CD4 zilizokwisha kuamshwa na zenye mlango wa pili uitwao CCR5, na seli za namna hiyo zimejaa utumboni. Kwa hiyo, mtu anapopata homa na uchovu wa wiki za mwanzo, akidhani labda ni malaria, sehemu kubwa ya walinzi wa utumbo wake huwa inaangamia. Mafundi wa Th17 ni miongoni mwa wanaotangulia.

Ukuta unapovuja

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, wakiwemo Jason Brenchley na Daniel Douek, walipima katika damu ya watu wenye VVU kemikali iitwayo lipopolisakaridi, ambayo ni sehemu ya ganda la nje la bakteria wa utumbo. Walikuta kiwango chake kiko juu kuliko kwa watu wasio na virusi. Maana yake ilikuwa kwamba vipande vya bakteria vinavuka ukuta na kuingia katika damu. Kwa kawaida ini na tezi za limfu huvisafisha. Uvujaji ukiwa wa kila siku, usafishaji huzidiwa.

Kinga inapokutana na vipande hivyo hujibu kana kwamba mwili umevamiwa. Hutoa kemikali za tahadhari, huamsha seli nyingi zaidi, na seli zilizoamshwa huchoka na kufa mapema. Hali hiyo ndiyo inayoitwa hapa msisimko wa kinga. Madhara yake ni mawili. Kwanza, CD4 mpya zinazozaliwa hupotea kabla hazijaongeza akiba, na tezi za limfu zinazopaswa kuzilea huingiwa na makovu. Pili, msisimko wa miaka mingi huharibu mishipa ya damu na kuchangia magonjwa ya moyo, figo na ini. Ndiyo sababu mtu mwenye VVU anayetumia dawa vizuri bado hupimwa shinikizo la damu na sukari.

Hata hivyo, mambo ya Afrika Mashariki hayafanani moja kwa moja na ya Marekani. Mwaka 2009 watafiti waliofuatilia watu wenye VVU wilayani Rakai hawakuona kwamba wingi wa lipopolisakaridi katika damu uliwatenganisha wale waliougua haraka na wale waliougua polepole. Maelezo mojawapo yanayowezekana ni kwamba katika maeneo yetu ukuta wa utumbo hujeruhiwa hata kabla ya VVU, kutokana na vijidudu vinavyomezwa tangu utotoni katika maji, udongo na chakula.

Ushahidi wa jambo hilo umekusanywa jirani kabisa na Singida. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko wilayani Mbulu, mkoani Manyara, karibu na wilaya ya Mkalama, na wakazi wa upande wa Singida wamekuwa wakitibiwa huko kwa miaka mingi. Haydom ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa nchi nane uitwao MAL-ED, ambao kuanzia mwaka 2009 uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Watoto wengi walikutwa na vijidudu vya maradhi katika choo hata wakiwa hawaharishi. Mmoja wao, bakteria aitwaye Kampilobakta, ambaye huishi kwa wingi ndani ya kuku, alihusishwa na utumbo unaovuja na kudumaa. Kwa hiyo, mtu mzima wa vijijini anayeambukizwa VVU mara nyingi huwa na ukuta uliokwisha kudhoofika.

Dawa hurekebisha nini

Dawa za kufubaza makali ya VVU (ARV) huzuia virusi kuzaliana. Kwa dawa mseto ya TLD, yenye dolutegraviri (DTG), iliyoanza kutumika kwa wingi nchini mwaka 2019, virusi kwa kawaida hushuka sana katika miezi michache ya mwanzo. Uharibifu mpya wa utumbo hupungua, CD4 za damuni hupanda haraka kwa miezi kadhaa, kisha hupanda polepole kwa miaka. Zile za utumboni hurejea kwa kuchelewa zaidi, na kwa wengi hazifikii kiwango cha awali.

Kinachoamua zaidi ni hali ya mgonjwa siku anapoanza dawa. Haydom ilianza kutoa ARV mwishoni mwa mwaka 2003. Kati ya watu wazima 320 walioanzishiwa dawa hadi mwaka 2006, walifariki 95, na 59 kati yao walifariki ndani ya miezi 3 ya kwanza. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wale waliofika wakiwa na upungufu mkubwa wa damu na utapiamlo mkali. Dawa zilikuwa sahihi. Miili ilikuwa imechelewa.

Kwa upande wa pili, mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti uitwao START, wa watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwemo. Wote walikuwa na CD4 zaidi ya 500. Walioanza dawa mara moja walipunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa asilimia 57 kuliko walioambiwa wasubiri CD4 zishuke. Tanzania ilianza mwaka 2016 kumpa dawa kila anayegundulika kuwa na VVU, bila kungoja CD4 zishuke. Kwa lugha ya utumbo, sera hiyo inamaanisha kuzima moto kabla haujafika kwenye paa. Hakuna tiba nyingine ya ukuta wa utumbo yenye ushahidi unaokaribia huu: kupima mapema, kuanza siku za mwanzo, na kutokatiza.

Yaliyojaribiwa kuongeza kasi ya kupona

Wazo la kuusaidia utumbo kwa vyakula na virutubisho maalumu lina mantiki, na limejaribiwa hapa nchini kwa uzito unaostahili. Matokeo yake yanapaswa kufahamika kwa kila mwenye CTC na kwa kila anayetembezewa chupa mlangoni.

Jijini Mwanza, kuanzia mwaka 2004, akina mama walitengeneza mtindi wenye bakteria wema kwa ushirikiano na watafiti wa Kanada na wa nchini. Mwaka 2010 uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa ulionesha kwamba waliokunywa mtindi huo CD4 zao zilipanda zaidi. Habari hiyo ilileta matumaini. Lakini wanaokunywa mtindi kila siku huenda walitofautiana na wasiokunywa kwa mambo mengine mengi, kama vile chakula, kipato au ufuatiliaji wa dawa. Yalipofanyika majaribio ya kugawa washiriki kwa bahati nasibu, likiwemo la wiki 25 lililotumia vidonge vya bakteria wema, CD4 za waliopewa hazikuzidi za wenzao. Mtindi ulibaki kuwa chakula kizuri; haukuthibitika kuwa dawa ya kupandisha kinga.

Jijini Dar es Salaam, utafiti wa wanawake 1,078 wenye VVU uliochapishwa mwaka 2004 ulionesha kwamba vitamini za kundi B, C na E zilichelewesha kuzorota kwa ugonjwa. Huo ulikuwa wakati ambapo ARV zilikuwa hazipatikani. Zilipopatikana, swali liliulizwa upya kwa watu 3,418 walioanza ARV: je, dozi kubwa ya vitamini ni bora kuliko dozi ya kawaida? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuwa hapana. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu waliopewa dozi kubwa walionesha zaidi dalili za ini kuathirika katika vipimo vya damu.

Utafiti mwingine, NUSTART, ulifanyika Mwanza na Lusaka kwa wagonjwa 1,815 waliokonda sana wakati wa kuanza ARV. Wote walipewa chakula dawa chenye mafuta. Nusu yao kiliongezewa vitamini na madini kwa wingi. Nyongeza hiyo haikupunguza vifo. Na huko Haydom, watoto 1,188 walihusishwa katika jaribio la kutoa dawa za kuua vijidudu vya utumbo pamoja na vitamini ya nikotinamaidi. Ukuaji wao haukuongezeka. Ukuta uliojeruhiwa kwa miaka hauzibwi kwa urahisi, si kwa antibayotiki wala kwa vitamini.

Ipo hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Madini ya chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu, yaliyomo katika virutubisho vingi na katika baadhi ya dawa za kiungulia, hung’ang’ania DTG ndani ya utumbo na kuizuia isifyonzwe. Mgonjwa anayenunua kirutubisho ili kuongeza kinga huweza, bila kujua, kupunguza nguvu ya dawa inayoilinda kinga hiyo. DTG inywewe saa 2 kabla ya bidhaa hizo au saa 6 baada yake. Kwa vidonge vya chuma au kalsiamu, inawezekana pia kunywa vyote kwa pamoja na mlo. Mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu asiviache. Apangiwe muda tu.

Kidonge cha bei nafuu kinachofanya kazi mbili

Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, hutolewa CTC ili kuzuia magonjwa nyemelezi. Katika utafiti wa ARROW, watoto na vijana 758 wa Uganda na Zimbabwe waliokuwa wametumia ARV kwa zaidi ya wiki 96 waligawanywa: wengine waliendelea na septrini, wengine waliacha. Walioacha walilazwa hospitalini zaidi, hasa kwa malaria na maambukizi mengine. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 uliongeza jambo: walioendelea walikuwa na msisimko mdogo wa kinga, na sehemu ya maelezo ilikuwa utumboni. Dawa hiyo iliwapunguza bakteria fulani wachokozi na kutuliza seli za kinga na za ukuta.

Hii haina maana kwamba kila mtu ajinunulie septrini. Matumizi holela ya antibayotiki huwaua wapangaji wema wa utumbo na kuzalisha usugu. Ina maana kwamba aliyeandikiwa na CTC asiiache kwa sababu “virusi havionekani”. Mwenye kuamua muda wa kuacha ni mtoa huduma, kwa kufuata CD4 na mwongozo.

Kwa anayetumia dawa

Jambo la kwanza ni dozi ya kila siku. Kila dawa inapokatizwa, virusi hurudi kwanza kwa walinzi wa utumbo waliokuwa wameanza kurejea.

La pili ni maji. Singida ni mkoa wa nusu ukame, na kaya nyingi hutegemea visima, malambo na madimbwi. Maji kuonekana meupe si ushahidi wa usalama. Yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

La tatu ni mifugo. Kuku wa kienyeji ni fahari na akiba ya kaya za Singida, lakini kulala nao chumba kimoja humaanisha kumeza kinyesi chao kidogo kidogo. Wawe na banda lao, na jikoni pafagiliwe kabla ya kupika.

La nne ni chakula. Nyuzinyuzi za mtama, uwele, kunde, choroko na mboga za majani hufika utumbo mpana zikiwa hazijasagwa, na bakteria wema huzigeuza kuwa asidi za mafuta ambazo ndizo chakula cha seli za ukuta. Ugali wa mtama kwa mlenda na kunde, pamoja na yai au kipande cha nyama kinapopatikana, ni mlo unaostahili heshima zaidi kuliko kopo la dukani. Maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Mbegu na mafuta ya alizeti, ambayo mkoa unazalisha kwa wingi, husaidia kurejesha uzito.

La tano ni pombe. Unywaji wa kupindukia hulegeza vifungo vya seli za utumbo na kulichosha ini, ambalo ndilo chujio la mwisho. Pia husahaulisha dozi.

La sita ni kuharisha. Maji yenye chumvi na sukari maalumu (ORS) yaanze mara moja. Kuharisha kunakozidi siku 14, kwenye damu au homa, au kunakoambatana na kukonda, kunahitaji kituo cha afya. Dawa za “kusafisha tumbo” huondoa ute na kuongeza kuharisha, hazisafishi virusi.

Na wenzi wajue jambo moja kwa uhakika: kutoambukiza kwa njia ya ngono kunategemea wingi wa virusi. Mtu ambaye virusi vyake havionekani na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa njia hiyo, hata kama CD4 zake ziko 150.

Kwa mtoa huduma

CD4 zilizobaki chini wakati virusi vimefubazwa si ushahidi wa kuruka dozi, wala si sababu ya kubadili ARV. Kipimo cha virusi kimekwisha kujibu swali la utumiaji wa dawa. Kumhoji mgonjwa kwa ukali baada ya jibu hilo ni kumfukuza.

Ni ishara ya kutafuta mambo mengine. Achunguzwe kifua kikuu, hata bila kikohozi kikali. Mwenye CD4 za chini apimwe maambukizi ya fangasi wa kriptokokasi kwa kufuata mwongozo. Uzito, urefu na mzunguko wa mkono vipimwe na kuandikwa, na aliyekonda aunganishwe na huduma za lishe. Anayeharisha kwa muda mrefu apimwe choo, kwa kuwa baadhi ya vimelea hutibika kwa kotrimoksazoli. Upungufu wa damu utafutiwe chanzo. Shinikizo la damu na sukari vipimwe. Kila mgonjwa aulizwe, bila hukumu, ni vitu gani vingine anavyokunywa, vya dukani na vya kienyeji, na ni saa ngapi anavinywa.

Kisha aelezwe, kwa lugha yake, ukweli wote: kwamba dawa zake zinafanya kazi, kwamba sehemu ya kwanza kuungua mwilini ni utumbo, na ndiyo ya mwisho kupona, kwamba kupona huko huhesabiwa kwa miaka, na kwamba hakuna chupa iliyothibitika kukuharakisha. Mgonjwa aliyeelezwa hivyo hurudi nyumbani na mbuzi wake, na mwezi unaofuata hurudi kliniki kuchukua dawa.